Holili na Taveta majirani, kwenye simu bado ng'ambo: tuzungumze bei ya romingi Afrika Mashariki

Njiapanda_Himo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa Arusha, na habari za mtandao mmoja wa simu kwa nchi wanachama zimetoka pale kwa miaka mingi. Nazifuatilia kwa sababu riziki yangu imo humo. Nanunua nyanya na vitunguu upande huu, Moshi na Himo, nauza Taveta na mara nyingine Voi, upande wa Kenya. Biashara yenyewe ni simu. Gari limefika wapi, forodha wanataka karatasi gani, mteja amebadilisha bei, vibarua wa kushusha wapo au hawapo. Ukikosa hewani nusu siku, nyanya zinaiva kwenye tenga na mteja ameshachukua kwa mwingine.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Ughali wa kutumia laini ya Tanzania ukiwa Kenya, au ya Kenya ukiwa Tanzania, hautokani na minara wala umbali wala uhaba wa mitambo. Unatokana na vitu viwili: bei ya jumla ambayo makampuni ya simu yanatozana yenyewe kwa yenyewe, na mzigo ambao serikali ziliubebesha kila simu inayovuka mpaka. Vyote viwili viliwekwa na watu, kwa hiyo vinaweza kuondolewa na watu.

Ushahidi ninao. Septemba 2006, kampuni ya Celtel, ile aliyoianzisha Mo Ibrahim mwaka 1998, iliondoa romingi, yaani malipo ya ziada ya kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Huduma waliiita One Network. Mteja wa Tanzania akivuka Namanga alipokea simu bila kukatwa chochote, alipiga kwa bei ya nchi aliyofika, na aliweza kununua vocha ya Kenya akaikwangua na kuiingiza kwenye laini yake ya Tanzania. Haikuchukua muda washindani wakajibu: Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda wakashikana mikono kwenye mpango wao walioupa jina la Kama Kawaida. Kumbukeni huo ni wakati gani. M-Pesa haikuwa imefika Tanzania, ilikuja 2008. Mkongo wa baharini wa SEACOM haukuwa umefika Dar es Salaam, ulifika 2009. Yaani kwa mitambo ya zamani, intaneti ikipita satelaiti, makampuni yaliweza kuufuta mpaka kwenye simu. Leo tuna mkongo wa taifa, minara ya 4G imefika hadi vijijini, halafu tunaambiwa jambo hili ni gumu?

Nini kilitokea katikati? Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Lakini kubadilika kwa majina si kiini. Kiini ni kwamba serikali za ukanda huu zilianza kuiona simu inayoingia kutoka nje kama chanzo cha mapato. Nchi kadhaa, yetu ikiwemo, ziliweka kiwango cha chini ambacho simu ya kimataifa lazima ilipiwe ili iingie, na sehemu ya pesa hiyo ikaenda serikalini. Kwetu utaratibu huo ulikuja pamoja na mtambo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, mwaka 2013. Lengo lilikuwa halali: nchi ilikuwa inapoteza mapato kwa simu za kutoka Ulaya, Marekani na Uarabuni zilizopitishwa njia za panya. Tatizo ni kwamba wavu uleule ulimnasa na mchuuzi wa Taveta anayempigia mkulima wa Himo. Kwenye vitabu vya mitandao, simu hiyo na simu ya kutoka Frankfurt zikawa kundi moja.

Na hapa ndipo romingi ilipoumia zaidi. Nikiwa Taveta na laini yangu ya Tanzania, mke wangu akanipigia kutoka Himo, simu yake inakwenda kwanza kwenye mtandao wetu Tanzania. Mtandao unaniangalia kwenye kumbukumbu zake, unaona niko Kenya, unaisukuma simu ile Kenya kama simu ya kimataifa. Mtandao wa Kenya unadai malipo ya kuipokea. Nani alipe? Mke wangu hajui niko wapi, hawezi kutozwa bei ya kimataifa. Basi ninakatwa mimi niliyepokea. Ndiyo maana watu wengi wanashangaa kuona salio linapungua kwa kuitikia tu.

Kwa upande wa data ni hivyohivyo, pengine kuliko. Ukiwasha intaneti ukiwa Taveta kwa laini ya Tanzania, kwa utaratibu wa kawaida wa romingi data yako hairukii duniani kutokea Kenya. Inarudishwa kwanza kwenye mitambo ya mtandao wako wa nyumbani, ndipo itoke. Kila megabaiti inayopita pale inahesabiwa na mtandao wa mwenyeji, unaodai bei ya jumla mliyokubaliana. Bei hiyo haichapishwi kwenye gazeti lolote. Inakaa ndani ya mikataba ya makampuni mawili, na mteja anaonyeshwa ile ya rejareja peke yake.

Sasa twende Oktoba 2014. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuanza eneo la mtandao mmoja. Walichofanya ni kile ambacho nimekuwa nikikisema. Waliondoa ile tozo ya kimataifa kwa simu zinazoanzia na kuishia ndani ya nchi hizo. Waliweka ukomo wa bei ya jumla, senti 7 za dola kwa dakika, na ukomo wa bei kwa mteja, senti 10. Kupokea simu ukiwa nchi jirani ikawa bure. Dakika za maongezi kati ya nchi hizo zikapanda kwa kasi mara moja, kwa sababu watu walikuwa na mengi ya kuambiana siku zote, bei ndiyo iliyokuwa inawanyamazisha.

Tanzania haikuwa kwenye kundi lile la kuanza. Sisi ambao mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini kwetu, Arusha, tarehe 30 Novemba 1999. Sisi ambao Itifaki ya Soko la Pamoja, inayoruhusu watu, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka, ilisainiwa kwetu vilevile na kuanza kutumika Julai 2010. Baadaye makampuni yetu yalileta vifurushi vya romingi kwa nchi jirani, na unafuu upo ukikumbuka kununua kabla hujavuka. Lakini anayenunua kifurushi ni mtu wa safari ya kupanga. Mtu wa Himo havuki kwa kupanga. Anavuka asubuhi na mzigo, anarudi mchana, anavuka tena jioni kudai hela yake.

Nina jambo binafsi la kuongeza na sitataja kampuni. Nimekatwa salio la romingi nikiwa upande wa Tanzania, dukani, kwa sababu simu ilidaka mnara wa Kenya. Nilipopiga huduma kwa wateja nikaambiwa mfumo unaonyesha nilikuwa Kenya. Nikawaeleza nilipo, kijana akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye anaona kile mfumo unachoonyesha. Pesa haikurudi. Najua siko peke yangu, wa Tarakea, Holili, Namanga na Rombo yote ya mpakani mtanithibitishia.

Ninachotaka ni hiki. Serikali yetu iondoe kabisa malipo ya kimataifa kwa simu zinazoanzia na kuishia ndani ya Jumuiya. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iweke ukomo wa bei ya jumla kwa sauti, ujumbe na data, na ukomo huo utangazwe hadharani. Na kwa mtu aliyekatwa romingi akiwa ardhi ya Tanzania, iwe wajibu wa kampuni kurudisha pesa bila mteja kuthibitisha alikosimama.

Naomba kuwasilisha. Wenye ujuzi zaidi wasahihishe na kuongeza.

Dereva_Namanga

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi ni dereva wa wageni, Arusha hadi Namanga. Kwa mlio nje ya kazi hii, magari ya utalii hayavuki yakaendelea tu. Mgeni anayetoka Amboseli anashushwa mpakani na gari la Kenya, mimi nampokea upande wetu. Sasa piga picha hali ilivyo: mwenzangu wa Kenya amechelewa, mgeni ana ndege ya jioni pale KIA, ofisi Arusha inanipigia kila dakika, na mimi namtafuta mwenzangu ambaye yuko mita chache ng'ambo ya jengo.

Jengo la Namanga ni la pamoja, kituo kimoja cha forodha kwa nchi mbili. Marais wetu wa wakati huo, Magufuli na Kenyatta, walikifungua Desemba 2018. Afisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa ndani ya paa moja, paspoti inagongwa mara mbili bila kubadilisha jengo. Lakini simu yangu na ya yule dereva, tukiwa tumesimama kaunta moja, tunaongea kimataifa. Kila dereva wa njia hii anatembea na laini ya Kenya kwenye tundu la pili. Siyo kwamba tunapenda.

Mama_wa_Mwika

Mwanangu Njiapanda, Mungu akubariki kwa kulisema hili. Mimi nauza ndizi, na mchango wangu ni kwenye pesa maana hapo ndipo tunapolia sisi wanawake wa sokoni.

Mteja wangu wa Taveta analipa kwa simu. Najua tangu 2015 mtu wa M-Pesa ya Kenya anaweza kumtumia wa M-Pesa ya Tanzania, pesa ikageuka shilingi yetu yenyewe. Ni jambo jema sana na wakati wa shida limenisaidia. Lakini mteja anahesabu makato, anahesabu na kile kiwango cha kubadilisha fedha, halafu anasema: mama, leta namba ya Kenya nikutumie huko. Basi wanawake wengi wanatumia laini za Kenya zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, labda binti wa dukani, labda shemeji. Siku mkikosana na yule mwenye kitambulisho, pesa yako inakaa kwenye jina lake. Utaenda kushtaki wapi? Utasema hiyo hela ni yangu kwa ushahidi upi?

Kwa hiyo wanaposema habari ya mtandao mmoja, wasiishie kwenye kuongea. Wakiifanya laini yangu ya Tanzania iwe na nguvu huko, sitahitaji kuweka mtaji wangu kwenye jina la mtu.

Mlipakodi

Nasoma kwa makini na nawaheshimu wote, lakini mimi nasimama upande mwingine.

Kwanza, mapato. Serikali inajenga barabara kwa kodi na simu ni moja ya vyanzo vyenye uhakika. Ukisema simu za Jumuiya zisilipiwe ile ya kimataifa, umefungua pengo. Jumuiya sasa siyo nchi tatu. Kuna Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo iliyoingia 2022 na Somalia iliyoingia 2024. Hizo ni dakika nyingi.

Pili, wizi. Mtu ataileta simu ya Dubai mpaka nchi moja ya Jumuiya, atabadilisha namba ionekane imeanzia humo, ataipitisha kwetu bure. Hawa wenye mitambo ya simboksi, ile ya laini nyingi inayoigeuza simu ya nje ionekane ya ndani, wamekamatwa mara nyingi wakifanya hivyo kwa laini za ndani, mnataka tuwape na mlango mpana zaidi?

Tatu, mtu akipata bei moja kila mahali, atanunua laini ya nchi yenye vifurushi vya bei ndogo, aitumie Tanzania mwaka mzima. Kampuni iliyowekeza mnara Ngorongoro itabaki na nini?

Hoja hizi zijibiwe kwanza.

Mzee_wa_Posta_na_Simu

Wajukuu zangu, marahaba kwa salamu zenu.

Nimefanya kazi kwenye simu tangu enzi za shirika la pamoja. Vijana wengi hapa hamlijui. Posta na Simu ya Afrika Mashariki ilikuwa shirika moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, makao makuu Kampala, kama vile reli yalikuwa Nairobi na bandari Dar es Salaam. Arusha ilikuwa makao ya Jumuiya yenyewe tangu 1967. Jumuiya ilipovunjika 1977 tuligawana kila kitu: magari, mitambo, nguzo, hata watumishi. Kwetu likazaliwa shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo nalo baadaye, miaka ya tisini, likagawanywa, ndipo ikapatikana TTCL.

Lakini kuna kitu kimoja kilichonusurika, na kinamhusu mleta uzi. Simu kati ya nchi zetu tatu zilikuwa na njia yake ya kupiga, tofauti na njia ya dunia nzima. Kutoka Tanzania unaanza na 005 kwenda Kenya na 006 kwenda Uganda. Wa Kenya anaanza na 007 kuja kwetu. Yaani kwenye mpango wa namba, simu ya Nairobi kuja Moshi ilitambuliwa kuwa ya kikanda, haikuwekwa fungu moja na ya London. Jumuiya ilikufa, shirika likafa, namba zile zikaendelea kuishi. Kwa hiyo huyu kijana anayedai simu ya Taveta isihesabiwe ya kimataifa hadai jambo geni. Anadai hesabu za fedha zifuate kile ambacho mafundi waliwahi kukikubali.

Fundi_Minara

Mzee shikamoo, na asante kwa hiyo ya 005, umenipeleka mbali.

Nieleze kidogo kwa nini simu inadaka Kenya ukiwa kwako, maana watu wanadhani ni hujuma.

Mawimbi ya redio hayajui mpaka. Mnara wa kawaida wa 2G kwa kanuni zake unaweza kuhudumia simu iliyo hadi kilomita 35. Himo, Holili na Taveta zote zinaingia ndani ya duara hilo. Mnara wa ng'ambo ukiwa mahali pa wazi na wako umezibwa na mgongo wa kilima, au umezimika kwa kukatika umeme, simu itamshika anayesikika.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wengi hawaijui. Kila mtandao una namba ya nchi ndani ya mawimbi yake, Tanzania ni 640, Kenya ni 639. Simu ikishashika mnara wa nchi nyingine, kanuni za kimataifa zinaielekeza itafute mara kwa mara mtandao ulio bora zaidi kwake, lakini ndani ya nchi ileile ya mnara iliyoushika. Hairuhusiwi kuhangaika kutafuta ya nchi nyingine, kwa sababu kwa kawaida mtu aliye nje ya nchi yake angekuwa anamaliza betri bure akitafuta kisichokuwepo. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mtu aliyeko Nairobi. Kwa mtu wa Holili ni balaa: simu ikiponyoka mara moja tu kwenda 639, inaweza kukaa huko muda mrefu hata kama mnara wa Tanzania umerudi na uko mgongoni mwake. Itarudi ikipoteza mawimbi ya Kenya, au ukiizima na kuiwasha.

Ndiyo maana yule kijana wa huduma kwa wateja aliona Kenya. Mfumo haukudanganya: simu ilikuwa Kenya, mwenye simu alikuwa Tanzania. Sheria ndiyo haijamwona mtu huyo. Na kampuni inaweza kumwona ikitaka, kwa sababu laini ambayo inaruka kati ya 640 na 639 mara kadhaa kwa siku, na kila ikirudi inarudi kwenye mnara uleule wa Holili, inajieleza yenyewe kuwa ni ya mkazi wa mpakani.

Njiapanda_Himo

Mzee, marahaba yako nimeipokea kwa mikono miwili, hilo la namba nitalitumia kila ninapokwenda kulisemea jambo hili. Mama wa Mwika, pole, na umesema kitu ambacho kwenye taarifa zote nilizosoma sijakikuta: mtaji wa mwanamke kukaa kwenye jina la mtu mwingine. Fundi, asante sana.

Sasa ndugu Mlipakodi. Hoja zako ni za kweli na nakujibu kwa uzito wake.

Mapato kwanza. Kwenye matumizi ya simu hapa nchini kwa miaka mingi tumelipa ushuru wa bidhaa asilimia 17, na juu yake VAT asilimia 18. Ukizidisha, ni karibu asilimia 38 ya bei ya huduma yenyewe, maana yake kwenye kila shilingi 1,000 niliyotumia kama shilingi 276 ilikuwa kodi. Hizo nalipa nikiongea kwa laini ya Tanzania. Sasa soma alichoandika Dereva wa Namanga: kila mmoja wao ana laini ya Kenya. Mimi pia ninayo. Vocha tunazoziweka humo zinalipa kodi Kenya. Bei kubwa haikutufanya tulipe zaidi kwetu, ilitufukuza tukalipe kwa jirani. Unahofia kupoteza mapato ambayo kwa sehemu kubwa yameshahama. Ukipunguza bei, dakika zinarudi kwenye laini ya nyumbani, na zikirudi zinatozwa kodi hapa kwetu.

Wizi ni hoja nzito zaidi na siipuuzi. Lakini angalia kinachomlisha mwizi. Simboksi inalipa kwa sababu ya pengo kati ya bei ya simu ya nje na ya ndani. Kadiri unavyoipandisha ya nje, ndivyo unavyomnenepesha. Kwa simu za ndani ya Jumuiya kuna mtambo wa kusimamia mawasiliano, uko mikononi mwa TCRA, na wasimamizi wenzao wa nchi jirani wanakaa nao kwenye chombo kimoja, EACO, chenye makao yake Kigali. Kubadilishana kumbukumbu za simu zinazoanzia wapi ni kazi inayowezekana. Nchi zilizoanza 2014 zilikuwa na hofu hiyohiyo, zikaanza.

La laini ya bei ndogo kutumika nchi nyingine mwaka mzima, Ulaya walikutana nalo. Walianza kuweka ukomo wa bei za romingi 2007, wakaendelea kuushusha, na tarehe 15 Juni 2017 wakafuta kabisa nyongeza kwa mteja. Makampuni ya nchi za kitalii yalilalamika kama unavyolalamika: tutajenga minara, wageni wataitumia bure. Jibu lilikuwa mambo mawili. Mtandao wa mwenyeji unalipwa bei ya jumla yenye ukomo, mwaka ule wa kwanza yuro 7.70 kwa gigabaiti, kisha ikawa inashuka kwa ratiba iliyotangazwa. Na kuna sharti la matumizi ya haki: laini ikionekana inaishi nchi nyingine zaidi ya nyumbani kwa miezi kadhaa mfululizo, kampuni inaruhusiwa kumwuliza mteja na kumwongezea bei. Kwa hiyo mnara wa Ngorongoro utalipwa. Swali ni kiasi gani, na nani anakiona kiasi hicho.

Kuna sababu nyingine ya kuamini hili linawezekana. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini. Watu walipaza sauti, ikaondolewa. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ya juu kabisa shilingi 10,000. Watu walipaza sauti, Septemba ikashushwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata kiwango cha juu kikawa 4,000. Tofauti ni kwamba yale yalimgusa kila mtu, Dar mpaka Mwanza. Hili linatugusa sisi wa mipakani, ndiyo maana sauti yake ni ndogo.

Mlipakodi

Umenijibu vizuri kwenye kodi, hasa hiyo ya vocha kulipiwa Kenya, sikuwa nimeiangalia hivyo. Kwenye wizi bado sijaridhika. Kubadilishana kumbukumbu kunahitaji nchi zote ziwe na mitambo inayolingana, na kuna wanachama wapya ambao bado hawajafika hapo. Ningekubali waanze na Kenya na Uganda peke yake, wengine waingie wakiwa tayari.

Njiapanda_Himo

Hapo nakubaliana nawe asilimia mia. Kenya pekee ingetutosha kuanzia. Mpaka wenye shughuli nyingi kwa watu wa Kilimanjaro na Arusha ni huo.

Binti_Tarakea

Kaka, mimi naishi Tarakea, ukitupa jiwe linaangukia Kenya. Mnaongelea sera na naziunga mkono, ila leo usiku nifanyeje? Bando langu la wiki lipo na siwezi kulitumia, maana nikiwasha data simu inasema niko romingi.

Fundi_Minara

Dada, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao ya simu, uzime uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha. Simu itatafuta na kukuletea orodha, chagua mtandao wako wa Tanzania kwa mkono. Kwa simu ya kitochi nayo ipo, imefichwa kwenye mipangilio ya mtandao. Halafu zima kabisa romingi ya data. Hasara yake ni hii: mnara wa Tanzania ukizimika hutakuwa hewani kabisa, na ukisafiri kwenda Kenya kweli itabidi urudishe. Kama kuna mgonjwa nyumbani au unategemea simu ya dharura, acha sauti ijiendeshe, uzime data ya romingi tu.

Mama_wa_Mwika

Fundi, kuna mtu wa kutufanyia hivyo pale soko la Himo? Wengi hatuwezi kuingia huko kwenye mipangilio.

Fundi_Minara

Mama yangu, njoo Jumamosi, nitakuwa pale stendi tangu asubuhi. Waambie na wenzako.

Njiapanda_Himo

Basi na mimi nitakuwepo Jumamosi. Wenye ujumbe wa kukatwa romingi mkiwa Tanzania, msiufute. Njooni nao, tarehe na saa zikionekana. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, na sheria ya 2003 iliyoianzisha TCRA iliweka pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutusemea. Nataka niwapelekee malalamiko ya Holili, Tarakea na Namanga yakiwa pamoja, na nakala kwa wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki. Dereva, wewe kusanya ya Namanga. Mzee, ukiwa na waraka wowote wa zamani unaoonyesha zile namba za 005 na 007, naomba nije nipige picha.

Mzee_wa_Posta_na_Simu

Ninacho kitabu cha simu cha zamani, kurasa za mbele zina maelekezo ya kupiga nchi jirani. Njoo uchukue picha, kitabu chenyewe hakitoki nyumbani.